Mafua Tunayowapa Nguruwe

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kufuatilia virusi vya mafua (influenza) kwa nguruwe, wengi huniuliza swali moja: hawa wanyama watatuletea nini tena? Siwalaumu. Mwaka 2009, yale mafua yaliyoitwa ya nguruwe yalipoenea duniani, haujasahaulika. Lakini nimekaa miaka mingi nikiingiza vijiti vya pamba katika pua za nguruwe, kutoka mabanda ya Kiambu hadi nguruwe wanaofungwa kamba chini ya miembe kule Busia, na kadiri kazi ilivyoniingia ndivyo swali hilo lilivyogeuka kichwani mwangu. Mafua mengi tunayoyakuta kwao yametoka kwetu. Sisi ndio tunaowakoholea. Wao hukaa nayo, huyachanganya na waliyo nayo, na baada ya miaka huyarudisha kwa watu ambao miili yao haiyatambui tena, hasa watoto.

Niliyoyajua mwanzoni yalikuwa ya darasani. Kirusi cha mafua aina ya A hubeba jeni zake katika vipande 8 vilivyotengana. Viwili kati ya hivyo vinasikika zaidi kwa sababu ndivyo vinavyotengeneza protini za nje tunazoziandika kwa herufi H na N: H1N1, H3N2, H1N2. Kirusi kikijinakili hukosea hapa na pale, na makosa hayo yakilimbikizana mwili uliokuwa unakijua huanza kukisahau. Hayo ni mabadiliko ya polepole. Ya ghafla huja pale seli moja inapoingiwa na virusi viwili tofauti kwa wakati mmoja. Vizazi vinavyotoka humo vinaweza kuwa na vipande vya huku na vya kule, kama karata za seti mbili zilizopigwa pamoja zikagawiwa upya. Njia ya hewa ya nguruwe inapokea virusi vya ndege na vya binadamu, ndiyo maana vitabu humwita chombo cha kuchanganyia virusi. Niliondoka chuoni nikiamini nguruwe ndiye chanzo, nasi ni wapokeaji tu.

Machinjioni ndiko nilikoanzia, kwa kuwa ndiko rahisi. Nguruwe huteremshwa kwenye pikapu kabla jua halijachomoza, wametoka kaunti tatu nne, wanalala zizi moja la kungojea wakipumuliana. Mnyama akishazimishwa kwa umeme, kijiti kinaingia puani bila vita. Unakizungusha tundu hili na lile, unavunja mpini wake ndani ya kichupa chenye maji ya rangi ya waridi yanayokihifadhi kirusi, unaandika, unatia kwenye sanduku la barafu. Unaandika kwa kalamu isiyofutika kwa spiriti, maana kichupa bila tarehe, mahali na umri wa mnyama hakina kazi. Jeni zake utazisoma vizuri kabisa, lakini huwezi kuzipanga mahali popote katika historia.

Wachinjaji walinifundisha mengi kuliko wanavyojua. Wao ndio walionionyesha nguruwe yupi ameletwa na dalali na yupi ameletwa na mwenyewe. Wao ndio walioniambia kwamba bei ya chakula cha nguruwe ikipanda, wanyama wadogo ambao bado hawajafika uzito huanza kuonekana machinjioni, kwa sababu wenyewe wameshindwa kuwalisha. Kwa mtu anayetafuta mafua, hiyo ni habari kubwa. Nguruwe wa kuchinjwa kwa kawaida ana miezi 6 hivi. Kama mafua yalipita bandani kwao, huenda yalimpata akiwa na wiki 8 au 10, mara tu kinga aliyonyonya kwa mama yake ilipokwisha. Kufika machinjioni kirusi hakipo tena puani. Zilizobaki ni kingamwili damuni. Damu itakuambia mafua yalipita. Ni vigumu sana ikueleze kwa undani yalikuwa mafua gani na yalitoka wapi. Ukitaka kujua kirusi kinabadilika vipi, lazima ukikute chenyewe, na lazima umkute mnyama mdogo katika zile siku chache anazokitoa.

Kwa hiyo ikabidi twende mashambani.

Asubuhi moja ya Julai, ile baridi ya Kiambu ambayo haikuachii vidole, mama mmoja mfugaji alinipigia simu. "Daktari, nguruwe wangu wamelala wote. Chakula wamekiacha. Wanakohoa vile kijana wangu alikuwa anakohoa wiki iliyopita." Nikamwomba asiwachome sindano yoyote hadi nifike. "Sawa, Daktari, lakini uje leo. Kesho kuna mtu anakuja kuwanunua."

Katika maneno hayo machache alikuwa ameshanipa nusu ya ripoti. Nilikuta nguruwe wa wiki kumi hivi wamelaliana kwenye kona, joto lao limevuka nyuzi 41, wanapumua kwa tumbo, pua zinachuruzika. Kumshika nguruwe mzima kwa kitanzi cha taya ni kazi nyingine kabisa. Anapiga kelele hadi majirani wanakuja kuona kama mnachinja. Kijana wa nyumbani ndiye aliyetusaidia kuwashika. Ndiye pia aliyekuwa akiwalisha kila siku, na hata siku hiyo alikuwa bado anavuta kamasi. Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu na kirusi nilichokuwa nakitafuta huenda kilikuwa kimepitia kwake, ila kibali chetu cha utafiti kilikuwa cha wanyama tu. Pua ya binadamu inahitaji kibali kingine, kamati nyingine, na mara nyingi wizara nyingine. Hatukuigusa. Hadi leo naamini hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika kazi hii: kirusi kinavuka kutoka kwa mtu hadi kwa mnyama ndani ya banda moja, asubuhi moja, lakini karatasi zetu haziwezi kuvuka nacho.

Maabara ilithibitisha mafua aina ya A. Kipimo cha kwanza cha PCR, kinachozidisha jeni za kirusi mzunguko baada ya mzunguko hadi zionekane, hutafuta kipande kiitwacho M, ambacho hakitofautiani sana kati ya mafua ya ndege, ya watu na ya nguruwe. Kikionekana mapema, katika mzunguko wa 20 na kitu, tunafurahi kwa sababu kirusi ni kingi na tutaweza kusoma vipande vyote 8. Kikichelewa hadi mzunguko wa 36, tunajua kilikuwapo na basi. Sampuli za yule mama zilikuwa nzuri, kwa sababu aliwahi kupiga simu. Tulisoma vipande vyote, na hapo ndipo wengi wanaoanza kazi hii hupungukiwa na subira: wanasoma kipande cha H peke yake, kwa kuwa ndicho kinacholengwa na kinga, wanaandika jina, wanamaliza. Ukisoma kimoja kati ya 8 utamwona kirusi sura, hutamjua ukoo. Mchanganyiko unaweza kuwa umefanyika katika vipande saba ambavyo hukuvitazama.

Kisha tukachora mti wa ukoo. Kwenye mti huo kila kirusi ni ncha ya tawi, na urefu wa tawi ni idadi ya mabadiliko yaliyokitenga na ndugu zake. Kirusi kutoka pua ya nguruwe wa Kiambu kilikaa katikati ya virusi vya watu wa Kenya wa msimu ule ule. Tawi lake lilikuwa fupi mno. Kilikuwa H1N1 cha ukoo wa 2009, ule ambao tangu wakati huo umekuwa mafua ya kawaida ya binadamu ya kila mwaka.

Nieleze tawi fupi maana yake nini, kwa sababu ndio moyo wa kazi yenyewe. Tuseme umekuta kirusi kwa nguruwe na kinafanana na cha watu. Je, nani alimwambukiza mwenzake? Huwezi kujua kwa kufanana tu. Unatazama shina. Kama shina na matawi yote ya jirani ni virusi vya watu, na nguruwe ametokeza peke yake kama kijitawi pembeni, basi njia ya karibu kabisa ya kueleza picha hiyo ni kwamba kirusi kilitoka kwa mtu juzi tu. Kama badala yake unakuta virusi vya nguruwe vimekusanyika pamoja, tawi juu ya tawi, vimejitenga na vya watu kwa shina refu, hapo jua kwamba kiliingia kwa nguruwe zamani na kimekuwa kikizunguka miongoni mwao bila mtu kukiona. Picha ya kwanza ni ajali ya banda moja. Ya pili ni ukoo mpya unaojengeka. Kazi ya ufuatiliaji ni kukaa macho ili ajali ikianza kuwa ukoo, mtu awe wa kwanza kujua.

Na mti huo haupandwi na watu wa mifugo peke yao. Kenya imekuwa na hospitali zinazochukua sampuli za mafua ya watu tangu 2006, na virusi hivyo husomwa na kuwekwa kwenye hifadhi za kimataifa. Bila vile vya watu, kirusi changu cha nguruwe kingeelea hewani bila jirani. Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia fedha za kuchunguza mafua ya watu zikijadiliwa kama hazihusiani na mifugo.

Baada ya tokeo lile nilianza kusoma historia kwa jicho jingine. Mwaka 1918, wakati mafua makubwa yanaua watu duniani, daktari wa mifugo J. S. Koen wa Fort Dodge, jimbo la Iowa, Marekani, aliona nguruwe wakiugua ugonjwa ule ule wa ghafla, katika nyumba zile zile ambamo watu walikuwa wagonjwa. Alisema ni mafua. Wafugaji hawakumpenda kwa hilo. Waliogopa watu wataacha kula nyama ya nguruwe. Hakuurudisha ulimi nyuma. Miaka 12 baadaye, 1930, Richard Shope, mwenyeji wa Iowa, alifanikiwa kukitenga kirusi kutoka kwa nguruwe, miaka mitatu kabla ya Waingereza kukitenga cha binadamu mwaka 1933. Kirusi cha Shope bado kipo katika maabara kwa jina A/swine/Iowa/15/1930: mnyama, mahali, namba, mwaka. Kila tunachokipata Kenya tunakiandika kwa utaratibu huo huo.

Ukoo huo wa 1918 uliendelea kuishi kwa nguruwe wa Marekani kwa miongo mingi ukibadilika polepole. Mwaka 1998 ukachanganyika: katika nguruwe wa majimbo kadhaa, Minnesota na Iowa yakiwemo, kilionekana kirusi cha H3N2 chenye vipande vya mafua ya watu, vya ndege na vya nguruwe kwa pamoja. Kizazi cha mchanganyiko huo kilikutana na vipande viwili vya ukoo mwingine, ule ulioingia kwa nguruwe wa Ulaya kutoka kwa ndege mwaka 1979, na humo kikatoka kirusi cha 2009, ambacho utafiti wa baadaye ulifuatilia asili yake hadi kwa nguruwe wa Mexico. Tarehe 11 Juni 2009 Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga. Watu wakasema mafua ya nguruwe. Ukiangalia vipande vyake 8 kimoja kimoja, kimoja kilikuwa kimetoka katika mafua ya binadamu, na vitatu vilikuwa vya ule ukoo ambao Koen aliuona ukigusa banda na nyumba kwa pamoja.

Yaliyofuata baada ya hapo ndiyo yaliyonishawishi kabisa. Ndani ya wiki chache kirusi hicho kilikuwa kwa nguruwe wa Alberta, Canada. Norway, nchi ambayo nguruwe wake walikuwa hawana mafua kabisa, ilikikuta bandani Oktoba 2009, na kwa muda mfupi kikaenea mashamba mengi. Hakukuwa na nguruwe wa kigeni aliyekileta, walikuwapo wafanyakazi waliokuwa na mafua. Cameroon ilikikuta mwaka 2010 kwa nguruwe wanaozurura wenyewe vijijini. Hapa kwetu, watafiti waliochukua sampuli katika machinjio ya Kenya mwaka 2013 na 2014 walikikuta kwa nguruwe lakini hawakukikuta kwa wafanyakazi wa machinjio. Na Marekani, ambako virusi vya nguruwe husomwa kwa wingi kuliko kwingine, wanasayansi walihesabu kwamba kati ya 2009 na 2021 ukoo huu mmoja ulivuka kutoka kwa watu kwenda kwa nguruwe takriban mara 370. Mingi ya mivuko hiyo ilikufa yenyewe. Michache ikaota mizizi.

Hiyo michache ndiyo inayoninyima usingizi, na sababu yake inaonekana vizuri katika kisa cha mwaka 2012. Kila kiangazi, majimbo ya Marekani huwa na maonyesho ya kilimo ambako watoto hupeleka nguruwe waliowafuga wenyewe. Mwaka huo watu 309 waliugua mafua ya H3N2 kutoka kwa nguruwe, wengi wao wakiwa Indiana na Ohio, na wengi wao watoto. Kipande cha H cha kirusi kile kilitoka kwa mafua ya watu ya miaka ya 1990. Kilipoingia kwa nguruwe, kilibadilika kwa kasi ndogo kuliko kilivyobadilika kwa watu. Watu wazima walikuwa wamekutana na ndugu zake zamani, kwa hiyo walikuwa na kinga kidogo. Watoto walizaliwa baada ya binadamu kukisahau. Na kipande cha M, ambacho kiliingia katika kirusi hicho muda mfupi kabla ya mlipuko huo, kilitoka katika kirusi cha 2009, ambacho watu ndio waliokirudisha mabandani. Kwa hiyo mtoto wa Ohio aliyemkumbatia nguruwe wake alipokea kitu ambacho kizazi cha wazazi wake kilimpa nguruwe.

Kuna jambo jingine katika maonyesho hayo ambalo naliweka mbele kila ninapofundisha vijana: wengi wa nguruwe waliokuwa na kirusi hawakuonekana wagonjwa. Hawakukohoa. Ukichukua sampuli kwa wanaokohoa peke yao, utajiridhisha bure. Baada ya 2012 ilishauriwa nguruwe wasikae kwenye maonyesho zaidi ya saa 72, ili kirusi kisipate muda wa kuzunguka banda zima. Nadhani ni ushauri wa busara, rahisi, na unafaa hata kwa mazizi yetu ya kungojea kuchinjwa, ambako mnyama akikosa mnunuzi anaweza kulala siku nyingi na wenzake wapya kila usiku.

Sasa niseme juu ya hofu, kwa sababu sayansi yote hii haina pa kusimama kama mfugaji amefunga mlango. Mfugaji wa nguruwe wa Afrika Mashariki ana hofu moja kubwa, nayo ni homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa tofauti kabisa ulioelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921. Ule hauambukizi watu, lakini ukiingia bandani unaweza kuua karibu wote, hauna tiba, na serikali hufunga soko. Kwa hiyo mnyama akipata joto tu, mfugaji mwenye akili ya biashara humuuza jioni hiyo hiyo. Yule mama wa Kiambu alikuwa karibu kufanya hivyo. Mafua yenyewe huua nguruwe wachache sana. Baada ya wiki moja hivi wengi wamepona. Lakini mwenye nguruwe hajui ni lipi kati ya magonjwa hayo mawili limeingia, na hofu ya lile kubwa ndiyo inayokisukuma kirusi cha mafua kwenye pikapu, hadi zizini, hadi kwa nguruwe wa kaunti nyingine.

Halafu wanakumbuka 2009. Mwaka huo serikali ya Misri iliamuru nguruwe wote wa nchi wachinjwe, yapata 300,000, wakati ambapo hakukuwa na nguruwe yeyote Misri aliyethibitishwa kuwa na kirusi kile, na kilikuwa kikienea kutoka mtu hadi mtu. Waliopoteza ni Wakristo maskini wa Cairo waliokusanya takataka za mji na kulisha nguruwe mabaki ya chakula. Nguruwe walipokwisha, takataka za chakula zikarundikana mitaani. Kirusi kiliingia Misri vilevile, kwa watu, kwa ndege za abiria. Kila nikikumbuka uamuzi huo naumia, maana ndio unaomfanya mzee wa Limuru aniulize, kabla hata sijavaa glavu: "Ukiukuta huo ugonjwa, mtakuja na bunduki?"

Jibu langu siku hizi ni la vitendo. Sampuli inaandikwa namba, si jina. Jina la shamba linabaki kwenye daftari moja linalofungiwa. Marekani walijifunza hivyo hivyo walipoanzisha ufuatiliaji wao wa kitaifa kwa nguruwe mwaka 2009: mfugaji anashiriki kwa hiari na hatambulishwi. Pili, tokeo linarudi kwa mfugaji haraka, na tunamwambia kwanza kile anachotaka kujua, yaani kama ni homa ya nguruwe ya Afrika au la. Kumpa mtu jibu hilo ndani ya siku mbili kumetufungulia mabanda mengi kuliko barua yoyote ya ofisi. Tatu, tumepunguza kitanzi. Kwenye banda la nguruwe wengi tunaning'iniza kamba nene ya pamba, tunakaa pembeni kama nusu saa. Nguruwe ni wadadisi. Wanaitafuna wote kwa zamu, na mate yake tunayakamua kwenye mfuko safi. Hakuna kelele, hakuna majirani, hakuna mnyama anayeumia. Mate hayo hayatupi kila mara kirusi kizuri cha kusoma vipande vyote, kwa hiyo kamba ikitoa jibu la ndiyo ndipo tunarudi na vijiti kwa wachache. Mzee wa Limuru sasa hutukatia kamba mwenyewe.

Wasiwasi wangu mpya uko magharibi, Busia na kwingineko ambako nguruwe wawili watatu wanaishi ua mmoja na kuku, bata, watoto na ndoo moja ya maji. Mwishoni mwa Oktoba 2024, Marekani ilitangaza kwamba nguruwe katika shamba dogo la nyumbani huko Oregon wamekutwa na H5N1, mafua ya ndege. Ndege wa shamba hilo walikuwa wameshaugua, na wanyama wote walikuwa wakichangia maji na vifaa. Niliposoma maelezo hayo niliona ua wa Busia. Tofauti ni kwamba kule kulikuwa na mtu wa kupima. Nguruwe wa Busia hupimwa mradi unapokuwapo, na miradi huisha.

Katika mabanda ninayotembelea tumekubaliana mambo ambayo hayagharimu fedha nyingi. Mwenye mafua halishi. Ndugu au jirani anamshikia zamu kwa wiki moja, na kama hana wa kumshikia, anavaa barakoa na kunawa kabla ya kugusa chombo cha chakula. Nguruwe wapya wanakaa kando wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Maji ya bata hayapelekwi kwa nguruwe. Mimi na wenzangu tunachanjwa mafua kila mwaka, na anayeamka anakohoa haji kazini, hata kama safari imepangwa mwezi mzima. Tungekuwa watu wa ajabu kupeleka kirusi mahali tulipokwenda kukitafuta.

Na kwa mfugaji: nguruwe hutoa kirusi puani kwa siku 5 hadi 7 hivi tangu kuambukizwa, na dalili huanza siku ya kwanza hadi ya tatu. Ukiona wamelala wote kwa pamoja, wana joto, wanakohoa, wamekataa chakula, usiwauze na usiwahamishe. Mpigie daktari wa mifugo wa eneo lako siku hiyo hiyo, umwambie wana umri gani, walianza lini, na nani nyumbani alikuwa na mafua wiki iliyotangulia. Ukipiga siku ya pili tutasoma kirusi chote. Ukipiga siku ya kumi tutachukua damu.